Dereva Anayepisha

Siku ya tatu ya likizo, Godfrey Pettifer aling'ang'ania kuendesha gari mwenyewe. Alikuwa amepasuliwa moyo mwezi Machi, na tangu hapo mkewe Hilary hakujua usingizi wa maana. Kutwa kucha alimsikiliza anavyopumua. Daktari karuhusu, alisema Godfrey. Vijiji viwili vitatu, kanisa moja, chai na keki, kuna ubaya gani?

Wakaondoka saa nne asubuhi, mwendo wa pole, madirisha wazi. Vinjia vya huku mashambani vinatosha gari moja tu, ua wa miti umesimama pande zote mbili. Mkikutana, mmoja hujibana pembeni, mwingine hupita na kunyanyua kidole kwenye usukani kushukuru. Asiyenyanyua huonekana mshenzi hasa.

Godfrey alinyanyua.

Ila njia ilikuwa tupu.

Hilary akageuka kutazama nyuma. Majani. Vumbi lao wenyewe.

"Unamshukuru nani?"

"Mzee wa gari la kijivu. Katupisha vizuri. Watu wa zamani wana adabu zao."

Hilary akajiuliza. Akili zimeanza kumruka, au ananificha kitu? Alimtazama kwa jicho la pembeni hadi wakavuka kijiji cha Nether Sallow. Baada ya daraja, kidole kikapanda tena. Na safari hii harufu ikaingia dirishani... koti la sufu lililolowa mvua. Nje jua lilikuwa linawaka.

"Yule yule," Godfrey akacheka. "Sijui katutangulia saa ngapi." Midomo yake ilikuwa imepauka.

Walipumzika kwenye baa ya kijiji kilichofuata. Mwenye baa, mama mmoja mnene aitwaye Thelma Grubb, alimletea Godfrey supu na Hilary pai ya nyama. Hilary hakuigusa. Akamfuata kaunta, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu wa hapa mwenye gari la kijivu la zamani.

Thelma akaacha kufuta glasi.

"Mmemwona wote wawili?"

"Mume wangu tu."

"Kamnyanyulia mkono?"

"Mara mbili."

Thelma akamtazama Godfrey pale alipokaa, akasogea karibu. "Sikia, bibie. Sisi hapa tunampita kama hatujamwona. Wageni wanatusema hatuna adabu, basi na watuseme. Baba yangu alimshukuru mara ya tatu, siku ya mnada wa kondoo. Tulimkuta kwenye usukani, injini inanguruma, mkono bado uko juu."

"Ni nani huyo?"

"Nikisema najua nitakudanganya. Endesha wewe. Na mikono ya mzee, uifunge ikibidi."

Jioni, wakirudi, Hilary ndiye aliyeshika usukani.

"Kalia mikono yako," akasema.

"Nikalie? Mimi nimekuwa mtoto wa chekechea?"

"Godfrey, mwaka huu nimekuomba kitu gani? Kalia."

Akaikalia, kanuna. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ua, njia imeingia kivuli. Kona. Kona nyingine...

Ile harufu.

Na sasa Hilary alimwona.

Gari la kijivu lilikuwa limejibana pembeni hata matawi yameingia ndani. Mzee mwenye kofia alitazama mbele, mpole, bila haraka. Alikuwa anasubiri shukrani yake. Hilary akakaza meno. Akapita taratibu, maana nafasi ilikuwa finyu mno, vioo nusura vigusane. Godfrey hakuitoa mikono chini ya mapaja.

Wakapita.

Machozi yakamtoka Hilary. Kapona, alijiambia. Mume wangu kapona. Ndipo alipotazama usukani.

Kidole chake mwenyewe kilikuwa juu.

Miaka arobaini ya kuendesha vinjia vya namna hii. Wala hakumbuki kukinyanyua.

"Mbona unalia?" Godfrey akauliza. Rangi ilikuwa imemrudia mashavuni. "Njia nzima hatujakutana na mtu."

Hilary hakumwambia. Moja si tatu, alijipa moyo. Hatashika usukani tena, treni zipo.

Kwenye nyumba waliyopanga alipanda juu kunawa uso. Alishuka ngazi akijifuta kwa taulo, macho yamezibwa. Ngazi zilikuwa nyembamba. Mtu aliyekuwa anapanda akajibana ukutani kumpisha.

"Asante, mpenzi," akasema, akampita.

Alipofika jikoni akashusha taulo. Dirishani alimwona Godfrey. Alikuwa nje bado, kaegemea gari, anapiga mluzi na kuvuta hewa ya jioni kama kijana.

Mbili, Hilary akahesabu moyoni.

Nyuma yake ngazi zikalia. Moja... nyingine... Mtu alikuwa anashuka. Akafika mlango wa jikoni, akausukuma wazi, akaushikilia na kujibana pembeni, ili Hilary atangulie.

Hilary akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.