Wekundu Usiofutika

Kila asubuhi, baada ya kula wali wa shayiri na figili ya chumvi, Otaki alipiga magoti mbele ya meza fupi na kupanga vijisahani vya rangi. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Katika studio ya shangazi yake Ofuji, mjini Yokohama, picha zote zilitoka zikiwa za hudhurungi tupu. Wapaka rangi ndio waliozitia uhai. Tangu majira ya kuchipua, Otaki aliruhusiwa kupaka nguo. Nyuso zilikuwa kazi ya shangazi.

"Haraka, kobe wee!" alisema Ochise, mpakaji mwenzake. "Mimi niko ya tano, wewe bado unakoroga."

"Ngoja uone nani kobe."

Otaki akavuta picha ya msichana aliyesimama kando ya kiti, ameshika maua kifuani. Ilikuja na kifurushi cha karatasi, lakini hakukifungua. Wasichana wa picha za kuuzia wageni walipakwa nyekundu. Naye akampaka nyekundu, kola hadi pindo.

Ndipo alipokifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha kitambaa cha samawati na mwandiko wa shangazi: "Marehemu Omitsu. Nguo iwe ya rangi hii. Kioo tulichochapia picha kimevunjika, nakala ni hii moja tu."

Akaificha picha chini ya rundo. Shangazi alipoiulizia, alisema haijakauka. Kesho yake alisema vivyo hivyo.

Siku ya tatu alikuja Bi Otsune, mama wa Omitsu. "Nimekuja kumchukua mwanangu," alisema taratibu.

Otaki akaitoa picha chini ya rundo, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka. "Nimeiharibu mimi. Nikamdanganya shangazi."

Bi Otsune aliisogeza picha kwenye mwanga. "Ile nguo niliifuma mwenyewe," alisema. "Hakuwahi kuvaa nyekundu. Naanza kumsahau, mwanangu. Nilitaka hii inikumbushe." Hakulia. Afadhali angelia.

Shangazi alijaribu kufuta kwa pamba yenye maji. Karatasi ilikwisha kuinywa rangi.

"Tuipige picha upya?" alinong'ona Otaki.

"Kamera huona nyekundu kuwa nyeusi. Tutapata msichana aliyevaa giza."

Ikabidi shangazi aufunike wekundu kwa rangi nyeupe nzito ya unga wa kombe, kisha apake samawati juu yake. Rangi ilikubali, lakini mikunjo ya nguo ikapotea, na maua ya mikononi yakapotea. Uso tu ndio uliosalimika.

Bi Otsune aliipokea kwa mikono miwili. "Rangi ni yake," alisema. "Na uso ni wake." Kuhusu maua hakusema neno. Akainama, akaondoka.

Otaki alikuwa akilia. Shangazi aliketi karibu naye.

"Kukosea tunakosea sote. Mimi niliwahi kumpaka bwana harusi midomo kama bibi harusi. Lakini rangi mbichi hufutika, Otaki. Ungeniita saa ileile, yule mama angeondoka na maua ya binti yake. Hukumnyang'anya kwa brashi, mwanangu. Umemnyang'anya kwa zile siku ulizonyamaza. Ukikosea tena, na utakosea, niite kosa likiwa bado bichi."