Kiti cha Mwinyi

Domina aliacha kiti kikitazama dirisha. Aliporudi kutoka kazini jioni kilikuwa kimegeukia mlango, na nyumbani hakukuwa na mtu.

Alipewa kiti hicho kule mjini Falls Church, na binti wa bibi aliyemuuguza mpaka akafariki. "Ulimtunza mama vizuri," alisema yule binti, akasaidia kukibeba hadi garini. Kilikuwa cha babu yao wa zama za kale huko Ulaya, mwinyi mwenye ngome, mashamba, na watu wa kuyalima.

Jioni hiyo nyumba yao ya Bladensburg ilinuka farasi aliyeloa. Kesho yake chakula kilipoa kabla hakijaguswa. Jioni ya tatu Domina alimkuta binti yake, Abigail, amepiga magoti mbele ya kiti kitupu, ameshika bakuli la maji.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Ananawa," mtoto alinong'ona. "Amesema mimi ni wake. Kila anayelala humu ni wake."

"Nani?"

"Huyu. Mkewe na mtoto wao wamesimama nyuma, hawali mpaka yeye ashibe. Na hashibi, mama. Yule mama amenifunika shali yake, maana nilikuwa natetemeka."

Mwita, mumewe Domina, aliyeingia nyuma yake, alirudi nyuma hadi ukutani. "Mama Abi, tukimbie. Twende tukalale kwa rafiki yako Anna."

Baridi ikapanda kutoka sakafuni, ikawashika magoti, na kutoka kwenye kiti kile kitupu ikasikika sauti ya mtu akitafuna, akivunja mifupa, akimeza, akigonga meza aongezewe, na kila alipogonga Abigail aliinama zaidi, mpaka paji la uso wake likagusa maji.

Hapo hofu ya Domina ikageuka hasira. Alimnyanyua mtoto, akachukua koleo la kuzolea theluji mlangoni, akalitupa juu ya kiti.

"Kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu anapewa jembe. Jembe sina, shika hilo! Nje theluji imejaa. Mimi nimeogesha wazee tangu alfajiri, na mwanangu hampigii magoti mtu anayekula tu."

"Usimtukane!" Mwita alinong'ona.

"Nimemtukana wapi? Nimempa kazi."

Kiti kikapasuka katikati. Mlango ukafunguka wenyewe, na harufu ya farasi ikatoka nje.

Asubuhi ngazi zao zilikuwa safi, na za jirani pia, mpaka barabarani. Koleo lilikuwa limeegemezwa ukutani. Pembeni kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, za mwanamke na za mtoto. Za mwanamume hazikuwepo. Zote zilirudi ndani.

"Bado wamo," Mwita alisema, akizitazama nyayo.

Domina alitandika mkeka, akaongeza sahani mbili.

"Hawa wamefanya kazi," alisema. "Karibuni. Humu hakuna anayekula amesimama."

Upande wa pili wa mkeka ukabonyea, kwanza padogo, kisha pakubwa.