Nilisema Amelishwa

Nina miaka themanini na minane, na tangu nizaliwe sijaishi kwingine ila Majengo, hapa Meru mjini. Baba yangu alikuwa na bucha, mimi nikairithi, na sasa anayeshika kisu ni mwanangu. Kazi yangu ni kukaa kwenye benchi la mlangoni, kunywa chai na kusikiliza wateja wakibishana mpira. Marehemu mke wangu alikuwa akinitania kwamba nitakata roho nikiuliza matokeo.

Wasomaji wenzangu, wiki iliyopita niliondoka kwenye benchi hilo kabla ya adhuhuri, nikaenda chumbani kwangu nikalia. Mzee mzima mwenye vitukuu!

Vijana walikuwa wakibishana juu ya mchezaji mmoja nyota wa ng'ambo. Siku hizi hafiki mazoezini, anaonekana kwenye vilabu vya pombe, na akiingia uwanjani anatembea tu kana kwamba mpira haumhusu. Mmoja alisema huenda ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni. Mwenzake akamcheka. "Sonona gani na gari kama lile? Huyo amelewa sifa, bana." Wa tatu akasema amelogwa. Kisha wakanigeukia, "Babu Idi, wewe waonaje?"

Nilichukua bakora yangu nikaondoka. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mjadala ule ule niliwahi kuuendesha mimi mwenyewe, kwenye bucha ile ile, na nikaushinda... na kushinda kwangu kulimmaliza mtu.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, sisi tukiita Emajensi. Nilikuwa na miaka ishirini, mwembamba, mwenye maneno mengi. Timu ya mji wetu ilikuwa na winga mmoja wa kushoto, kijana wa Githongo aliyeitwa Kirimi. Watu walimwita Mashoto. Sijaona tena mtu akikimbia na mpira vile, na nimeona wengi. Wanawake waliokuwa hawajui goli ni nini walisimama na mizigo yao mgongoni wakisubiri apite.

Kirimi alikuwa mfanyakazi wetu. Alipaka ngozi chumvi kwenye banda nyuma ya bucha, mimi nikimsaidia. Tulikula sahani moja, tukavaliana mashati. Aliniita mutanoba, yaani ndugu yake, nami nilijigamba kwa kila mtu kwamba Mashoto ni ndugu yangu.

Kwao Githongo watu walikuwa wamehamishwa mashambani mwao na kusukumwa kwenye kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Mama yake alikuwa humo. Sisi wa Majengo, kwa kuwa tulihesabiwa watu wa mji, tulitembea bila kusumbuliwa sana. Yeye Mmeru wa shamba hakuweza kuvuka mto bila pasi, kile kibali cha serikali.

Asubuhi moja tukiwa kwenye ngozi aliniambia, bila kuinua macho, "Mama alikufa. Ni wiki mbili sasa. Wamezika yeye kabla mimi nipate pasi. Hata sijui ni wapi."

Nilimjibu nini? Hadi leo najiuliza ulimi wangu ulikuwa wa nani. Nilimwambia, "Pole sana, ndugu yangu, ni kazi ya Mungu. Lakini jikaze, Jumamosi tuna Embu."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupaka chumvi. Hakunitajia habari hiyo tena, nami sikuuliza.

Tangu siku ile alibadilika. Alichelewa mazoezini, mara hakuja kabisa. Siku moja alikutwa amekaa kwenye mtaro nyuma ya soko, mchana kweupe, ananuka pombe, yeye ambaye hakuwa mnywaji. Mashabiki wakaanza kunong'ona. Mimi nilimkasirikia, nikamwambia anatuaibisha. Alisema tu kwamba amechoka.

Jumamosi tukapanda lori kwenda Embu, pasi za wachezaji zikiwa zimeandikwa zote kwenye karatasi moja. Wenyeji wetu, Waislamu wenzetu wa mji wa Embu, walitupikia wali na maharage kabla ya mechi. Kirimi aliitazama sahani yake kwa muda, akanisogezea. Nilikula zote mbili, yangu na yake. Naomba mkumbuke hilo, maana litarudi.

Mechi ilikuwa bao moja kwa moja hadi dakika za mwisho. Mpira ukamfikia Kirimi, akawapita wawili, akabaki yeye na kipa. Sote tulikuwa tumeshaanza kushangilia. Kirimi akasimama. Akaweka mguu juu ya mpira, akageuza uso kando ya uwanja, ambako mama mmoja mzee alikuwa akipita na kuni, kamba ikiwa kipajini. Akamtazama hadi alipopita. Kipa alikuja akauchukua mpira mguuni pake taratibu, wakaenda upande wa pili wakatufunga.

Kwenye lori alitukanwa njia nzima. Alikaa kwenye kona, mikono katikati ya magoti. Na mimi, ndugu yake, nilihama nikakaa mbele na wengine.

Jumatatu asubuhi bucha ilijaa, na wachache ndio waliokuja kununua nyama. Mzee Sudi, fundi cherehani wa jirani, alisema kijana kichwa kimevimba. Mwingine akasema ni bangi. Baba yangu, akikata nyama bila kututazama, alisema, "Yule mtoto anaumwa moyo. Mwacheni." Wakamcheka. Moyo unaumaje mtu wa miaka ishirini na mbili, mwenye mapafu kama yale?

Mimi nilikuwa na hasira, na nilitaka kuwa mtu anayejua kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa nikilala naye banda moja. Nikasema kwa sauti, "Nyinyi hamjui kitu. Mashoto amelishwa."

Nitawaeleza neno hilo. Kwetu Majengo, mtu akibadilika ghafla, akiacha kazi, akimtazama mkewe kama mgeni, tulisema amelishwa. Maana yake adui amemtilia dawa kwenye chakula. Nilimaanisha watu wa Embu walimtilia kitu kwenye wali ili tufungwe. Ni neno la uani, neno la mama zetu wakichambua mchele. Watu wote wa bucha walilielewa hivyo, wakapiga makofi, Mzee Sudi akasema hapo sasa nimenena.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa Riungu, homgadi, mlinzi wa serikali aliyekuja na bunduki yake kuchukua nyama ya kambi. Nje ya Majengo, miaka ile, kulishwa kulikuwa na maana moja tu. Kulishwa ni kulishwa kiapo cha watu wa msituni, waliokuwa wakipigana na serikali ya wazungu. Nililijua hilo! Nilipomwona akihamisha bunduki kutoka bega moja hadi jingine, nililijua. Ningeongeza maneno mawili tu, kwamba nasema wali na maharage, na mambo yangeishia hapo. Sikuongeza. Nilifurahi kwamba hata mwenye bunduki ananisikiliza...

Siku mbili baadaye Riungu na wenzake walimkuta Kirimi kwenye banda, mikono imejaa chumvi. Hakuuliza anapelekwa wapi. Aliifunika ngozi aliyokuwa akiipaka ili nzi wasitue juu yake, akaenda nao.

Kesho yake nikaitwa mimi. Kwenye kambi kulikuwa na hema ambamo watu walichujwa, wa kuachwa na wa kufungwa. Ndani alikaa mzungu mmoja na mkalimani wake. Kirimi alikuwa amekaa chini, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Riungu alisimama mlangoni.

Mkalimani akaniuliza, "Wewe ulisema huyu amelishwa?"

Nikasema ndiyo, nilisema.

"Na watu gani?"

Nikasema, watu wa Embu. Nilikuwa bado naongea habari ya wali, wasomaji wenzangu! Naapa nilikuwa nikiongea habari ya wali. Lakini nilimwona mzungu akiinua kichwa mara moja na kuanza kuandika haraka.

"Ulikuwepo?"

Nikasema nilikuwepo.

"Na wewe ulikula?"

Hapo ndipo maisha yangu yalipokatika vipande viwili. Kama ningesema nilikula, ningekaa chini pale karibu na Kirimi. Kama ningesema tulizungumza mambo ya uchawi na mpira, pengine wangenicheka, pengine wangenichapa kwa kuwapotezea muda. Na kama ningesema neno moja, kwamba mama yake alikufa na hakupata pasi ya kwenda kuzika, wangeelewa kila kitu. Yule mzungu naye bila shaka alikuwa na mama.

Lakini baba alikuwa na ruhusa ya kuuza nyama kambini, na wangeifuta. Nami niliogopa, niliogopa sana.

Nikasema, "Mimi sikula. Yeye ndiye aliyekula."

Sahani mbili nilikula, yangu na yake! Siku ile Kirimi hakutia hata punje mdomoni. Na alijua ninachosema, kwa maana alinitazama kwa lile jicho lililokuwa wazi, na nikaona ameelewa kwamba tunazungumza habari ya wali ule ule. Mkalimani akamuuliza kama ni kweli. Akasema, "Kama Idi amesema, basi."

Walimpeleka kizuizini mbali, ambako barua zilifika zimekatwa maneno. Timu ikapata winga mwingine. Mashabiki walisema kumbe ndiyo sababu alikuwa akizembea, alikuwa wa msituni, na kila mtu akaridhika na jibu hilo. Baba hakuridhika. Siku niliporudi kutoka kwenye hema aliniuliza mara moja tu kama nilimtetea. Nikamwambia nilijaribu. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake hakuzungumza nami mpira.

Kirimi alirudi Githongo baada ya miaka mitatu na ushee, Emajensi ikielekea ukingoni. Ilinichukua miezi miwili kupata ujasiri wa kwenda. Nilifunga ratili nne za nyama kwenye jani la mgomba nikapanda huko.

Nilimkuta amekaa mbele ya kibanda, kando ya miche ya kahawa aliyopandiwa na majirani. Sikumtambua hadi alipoinua mkono wa kushoto. Mguu wake mmoja ulikuwa umekakamaa. Majirani waliniambia kwamba kila siku huenda pale kilipokuwa kile kijiji cha handaki, anatembea akitazama chini, anauliza kama kuna anayekumbuka mama yake alizikwa wapi. Walizikwa wengi, haraka, na waliozika wenyewe walikuwa wamekufa au wamehama.

Nilipiga magoti. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njia nzima. Nilimwambia nilimaanisha uchawi, nilimwambia niliogopa, nilimwambia anipige. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

Akasema, "Mutanoba, mimi nilifikiri utawaambia habari ya mama. Ni wewe peke yako nilikuwa nimeambia."

Hayo tu. Akaniomba nyama niwape watoto wa jirani kwa sababu meno yake hayakuwa sawa. Nikashuka mlima nikilia, na mvua ya Githongo ikininyea mabegani.

Kahawa yake ilipozaa haikumkuta hai. Aliacha kula kidogo kidogo, akalala, hakuamka. Nilienda kumzika. Alilazwa kando ya miche ile, peke yake, na mama yake hadi leo hajulikani alipo. Nikachukua jembe nikatupia udongo kama wengine, na hakuna aliyejua mimi ni nani kwake.

Nimeoa, nimezaa, nimehiji. Nimetubu kwa Mungu na huenda amenisamehe. Lakini kila nikipewa wali na maharage naona sahani ikisogezwa upande wangu. Wanangu wanadhani ni tumbo linalonisumbua.

Basi, vijana wa benchini, na nyinyi mnaosoma, naomba mnisikilize. Mnapomwona mchezaji, au ndugu, au mtu wa kazini amesimama katikati ya mbio na hasogei, msigombanie jina la ugonjwa wake ili mmoja wenu ashinde ubishi. Kila neno mnalolisema juu ya mtu aliyenyamaza lina masikio mengine yanayolisikia, na yanaweza kulisikia visivyo. Hatukuwa na neno sonona wakati ule. Hata hivyo baba yangu asiyejua kusoma aliona moyo unauma. Nami niliyeambiwa sababu kwa mdomo wa mwenyewe sikuona kitu.

Kesho, Mungu akinijalia, nitarudi kwenye benchi langu niwajibu wale vijana swali lao. Nitawauliza kama kuna mtu yeyote aliyekwenda kumuuliza yule mchezaji amepatwa na nini. Watacheka, najua, watasema yuko ng'ambo na hawana namba yake. Lakini kila mmoja wao ana Kirimi wake hapa hapa Meru. Wamuulize huyo. Na akiwajibu, hata kama anajibu akiwa ameinamia kazi, tafadhali wasimwambie habari za mechi ya Jumamosi.