Mtoto wa Kwenye Beseni

Kila alasiri Chiriku aliporudi kutoka shule, alivua sare, akala, kisha akampokea mdogo wake kutoka mgongoni kwa mama. Mama alirudi kwenye cherehani yake barazani, akashona mpaka jioni. Msichana huyo aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Mdogo wake alikuwa na miezi kumi. Watoto wa rika lake walikuwa wakitambaa mpaka mlangoni na kutia mchanga mdomoni. Yeye alikaa tu pale alipowekwa.

"Huyu mbona hasogei?" mama aliuliza kila mara, akimkanda miguu. "Au kuna siku nilimwumiza bila kujua?" Chiriku alisikia, akanyamaza.

Hatimaye wote watatu wakaenda zahanati. Muuguzi alimnyoosha mtoto miguu, akamlaza kifudifudi mkekani. Mtoto akaangua kilio.

"Miguu ni mizima," muuguzi alisema. "Huwa anashinda wapi?"

"Asubuhi namfunga mgongoni. Alasiri yuko na dada yake," mama alijibu. "Anamlea vizuri mno. Simsikii hata akilia."

Sifa hizo zilimchoma Chiriku.

"Mama," alisema huku machozi yakimlengalenga, "mimi namweka kwenye beseni. Namzungushia mito asitoke. Ilianza siku moja alipobingirika, akakaribia kuigusa pasi yako ya moto. Niliogopa. Halafu nikaona ni rahisi, napata nafasi ya kucheza. Nikazoea."



"Asubuhi mgongoni, alasiri kwenye beseni," muuguzi alisema taratibu. "Sasa ameijua sakafu lini? Mlazeni chini kila siku. Ajisukume, ajiburute, achoke. Mwezi ujao mnirudishie nimwone."



Kesho yake Chiriku alifagia chumba, akatandika mkeka, akamlaza mtoto kwa tumbo, naye akalala mbele yake. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu alijiinua kwa mikono, akasukuma, akaenda kinyumenyume mpaka miguu ikaingia chini ya kitanda. Akalia kwa hasira.

"Umeweka gia ya nyuma, bwana!" Chiriku alimwambia, akamvuta.

Siku chache baadaye, kidonge cha uzi kilidondoka barazani, kikabingirika hadi ndani. Mtoto alikitazama. Akakaza viwiko, akajiburuta kiwiko baada ya kiwiko, akikoroma kama mzee, mpaka akakishika. Mama aliacha pindo nusu, akaingia ndani, akaketi sakafuni na kulia.

"Nisamehe, mama," Chiriku alisema.

Mama alimvuta karibu. "Wiki ngapi nilikuwa najilaumu, na jibu unalo wewe! Kuogopa si kosa, mwanangu. Kosa ni kuficha. Ungeniambia siku ile ile, tungeondoa pasi. Tusingemfungia mtoto."