Jiwe la Vinywa

Dereva wa lori ndiye aliyeanza kulalamika. Hata kwenye kiti cha kung'olea meno alikuwa hajafika, bado yuko benchi akisubiri zamu, akamgeukia mama wa mapokezi.

"Mdomo wangu una ladha ya kutu," alisema. "Kama nimenyonya msumari."

"Ni hilo jino lako bovu," mama wa mapokezi alimjibu. "Subiri, linatoka leo leo."

Mama huyo alikuwa mke wa daktari wa meno. Daktari mwenyewe watu walimwita Koleo, na wala hakuchukia. Alikuwa na mkono mwepesi, na vile vyumba viwili vya mbele vya nyumba yao alivyovifanya zahanati vilinukia usafi mpaka vinatisha. Koleo alichemsha kila kitu. Mkewe alimtania kwamba laiti angeweza, angemchemsha na yeye kabla ya kulala naye kitanda kimoja.

Kando ya benchi la wagonjwa kulikuwa na tangi la kioo. Koleo alilinunua ili watu wapate cha kutazama badala ya kusikiliza mayowe ya aliyetangulia. Ndani yake mlikuwa na samaki wachache wa rangi na jiwe moja la matumbawe lililo hai. Jiwe hilo lilifunikwa na vinyama vidogo, vya mviringo kama vifungo vya koti, kila kimoja kimezungukwa na ndevu laini, katikati kina mpasuko. Mwanga ukiwaka vinafunguka. Kivuli kikipita vinajikunja.

Muuza samaki alimwonya siku aliyomletea. "Daktari, hili usilishike kwa mkono mtupu, na usilitie kwenye maji ya moto. Vile vinyama vina sumu ya kuua mtu. Halafu waliolitoa baharini wanasema lina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi," Koleo alisema. "Si nimelinunua?"

Baada ya dereva akalalamika fundi cherehani, kisha mama na bintiye, kisha polisi mmoja aliyekuja na shavu limevimba. Wote walikaa upande wa tangi, wote mdomo una ladha ya kutu. Samaki nao wakaanza kufa, wanaelea ubavu bila jeraha. Mke wa Koleo, ambaye kazi yake ilimweka pale kutwa, akagundua jambo ambalo hakulipenda. Mtu akilia ndani kwenye kiti, vile vinyama vyote hufunguka kwa pamoja na kugeukia mlango wa chumba hicho.

"Wewe," alimwambia mumewe wakati wa chakula, "lile jiwe linasikiliza."

"Jiwe halina masikio."

"Lina vinywa. Sipendi kitu chenye vinywa vingi vile na hakisemi."

Koleo alicheka. Alicheka hadi siku alipokuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi kung'olewa gego. Alimpiga sindano ya ganzi, akangoja mpaka midomo ikalegea na ulimi ukalala kama kitambaa kilicholowa, akamjaza pamba mashavu yote mawili. Alipoinama na koleo mkononi, sauti ikatoka kooni mwa yule mwalimu. Ilikuwa nzito, tulivu, kila neno limenyooka.

"Nilikuwa na kwangu. Umenileta hapa nisikilize watu wakilia. Nirudishe."

Midomo ya mwalimu haikuwa imetikisika. Macho yake yalikuwa yamemtoka, anamwangalia daktari kama anayemwomba amwambie kwamba si yeye aliyesema.

Mwalimu aliondoka na gego lake bado mdomoni, anakaribia kukimbia. Mke wa Koleo alikuwa amesimama mlangoni.

"Nimesikia," alinong'ona.

"Ni ganzi. Watu huweweseka."

"Kwa midomo ipi? Hebu mpigie simu muuzaji aje alichukue, alirudishe lilikotoka. Leo."

Koleo alikuwa mtu ambaye hofu ikimwingia humtoka kama hasira. Alifunga zahanati mchana ule ule, akavaa glovu, akatumbukiza mkono kwenye tangi na kulitoa jiwe likichuruzika.

"Unafanya nini? Muuzaji alisema—"

"Muuzaji anauza samaki! Uchafu wowote humu ndani naijua dawa yake."

Akaliweka kwenye sufuria kubwa ya kuchemshia vifaa, akawasha jiko.

Maji yalipoanza kutokota, vile vinyama vilifunguka vyote kwa mara ya mwisho na mvuke ukapanda, mweupe, mzito, wenye harufu ya kutu ile ile, ukatambaa kwenye dari, ukashuka kwa kuta kama unaotafuta mtu, na ndani ya mvuke ule Koleo akasikia kilio, si cha mtu mmoja bali cha wengi, kila mgonjwa aliyewahi kulia kwenye kiti kile analia tena kwa sauti yake mwenyewe, na alipogeuka amwambie mkewe atoke, akamkuta ameshika kifua, miguu inamkataa, anateleza chini taratibu huku mdomo umeachama na mvuke unaingia, unaingia, wala hautoki.

Majirani ndio waliowabeba. Hospitalini Koleo aliwaambia madaktari alichokichemsha, wakatikisa vichwa: sumu ya matumbawe imepanda na mvuke, imeingia mapafuni. Yeye alishikwa na kikohozi na homa siku mbili. Mkewe hakuamka. Moyo ulipiga ovyo, mwili ukakakamaa, na Koleo alipoinama kumsikiliza pumzi, ile sauti ikamjibu kutoka kooni mwa mkewe.

"Umeniunguzia nyumba. Na mimi nimehamia."

Kulikuwa na bibi mmoja mganga, hana jino hata moja, aliyekuwa akisubiri meno yake ya bandia kutoka kwa Koleo. Aliposikia yaliyotokea alikuja mwenyewe saa ya kuona wagonjwa, akakaa kitandani, akaweka sikio kwenye kifua cha mke. Alinong'ona muda mrefu na kitu kilichomo.

"Mwanangu, jini huyu ni wa baharini," alisema. "Rudisha jiwe lake, atamwacha."

"Jiwe limekufa, Bibi. Limebaki jeupe kama mfupa."

Bibi aliinamisha tena sikio kifuani. Alipozungumza, aliishusha sauti zaidi.

"Basi hana pa kurudi. Anasema atabaki hapa alipo mpaka mwili huu upoe, halafu atatafuta mwingine."

"Mwambie aje kwangu."

"Unajua unachosema?"

"Mimi ndiye niliyemuunguzia nyumba. Amwache huyu. Mwambie, Bibi."

Bibi alimtazama, kisha akamshika kisogo na kumwinamisha mpaka uso wake ukawa juu ya uso wa mkewe.

"Fungua," alisema. "Fungua zaidi. Usifunge."

Mke wa Koleo alikohoa, akafumbua macho. Koleo alianguka magotini, ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Mke alipona. Walitupa tangi, wakaosha kuta kwa klorini, wakafunga zahanati. Koleo hakuumwa tena, lakini aliacha kuzungumza. Alikula peke yake, ameelekea ukutani. Mkewe hakumsumbua, akijua mtu aliyeona mengi hupewa nafasi.

Asubuhi moja mkewe alifungua pazia. Koleo alikuwa bado amelala, jua likampiga usoni, akapiga mwayo kabla hajajikumbuka. Mkewe aliona ndani. Kwenye fizi zote, juu na chini, vilikuwa vimejipanga vinyama vidogo, vya mviringo, vyenye ndevu laini, na jua lilipovifikia vikafunguka.

Koleo alifumba mdomo haraka. Machozi yalimtoka. Alimwonyesha mlango kwa kidole, atoke, aende kwao.

Mkewe alitoka. Alikwenda jikoni, akakaa kidogo ameegemea ukuta. Halafu akachota maji ya baridi kwenye glasi, akatia chumvi hadi yakawa kama ya bahari, akakoroga mpaka ikayeyuka yote, akamrudia mumewe na kumshikisha mkononi.

"Sukutua," alisema. "Hao waliomo watakuwa na kiu."