Nyumba ya Maboksi Yenye Mlango wa Waya

"Hii nyumba si ya kitabu," nilimwambia Dishon.

Alikuwa amepiga magoti sakafuni, gundi kwenye vidole vyote kumi, akibandika paa la nyumba ya maboksi. Paa lenyewe alilikata kutoka mkebe wa mafuta ya kupikia.

"Ni ya kitabu," akajibu bila kuniangalia.

"Ya kitabu ina ghorofa tatu na mnara. Hii yako ina madirisha mawili na bati. Na huu mlango, mbona umeufunga kwa waya?"

"Kageha, si uendelee na yako?"

Nikanyamaza. Kwangu kunyamaza ni kazi ngumu, muulize yeyote aliyenisomesha.

Ilikuwa Oktoba 1991. Tulikuwa walimu wa shule za msingi tuliorudi chuoni Kisumu kuongeza cheti, watu wazima wenye mvi mbili tatu. Mwalimu wetu, Madam Wangu, alikuwa ametusomesha riwaya moja ya kale ya Kiingereza: nyumba ya mawe, mvua isiyoisha, bwana mwenye huzuni na chumba kisichofunguliwa. Badala ya insha, alitaka kila mtu abuni mradi wake na kuufanya peke yake kwa wiki sita.

"Kitabu mmekisoma darasani," alituambia. "Sasa kifuateni hadi kwenu. Na kila mradi uwe na ukurasa mmoja uliofichwa, nitakaousoma mimi peke yangu. Nyumba za namna hii huficha kitu. Yako imeficha nini?"

Gordon alichora ramani. Agneta alishona gauni la mzimu, likawatisha wapishi wa chuo. Mimi nilichagua kukusanya hadithi za nyumba zilizofungwa huku kandokando ya ziwa. Dishon akajenga.

Na Dishon nilimpenda, niseme wazi. Nilimpenda tangu tulipokuwa tukifundisha shule moja kule Kisian, miaka miwili mizima. Lakini kila nilipomuuliza lini atanipeleka kwao, jibu lilikuwa moja: "Ngoja kidogo." Baba yangu huko Vihiga alikuwa amechoshwa na hiyo kidogo. Aliniandikia kwamba mzee Waliaula angekuja Desemba kuposa kwa ajili ya mwanawe, na kama nilikuwa na mtu wangu, nimlete kabla ya hapo.

Asubuhi moja, tukinywa uji, Agneta akanisogelea.

"Unajua huyo Dishon ana bibi?"

"Bibi gani?"

"Wa kanisa kabisa. Huko kwao Luanda Kotieno. Binamu yangu hununua omena kule, akaonyeshwa nyumba yake."

"Nyumba ikoje?"

"Ya bati. Madirisha mawili. Mlango imefungwa na waya."

Uji ulinishinda.

Jumamosi nikaenda Luanda Kotieno na daftari mkononi. Nilijiambia naenda kwa ajili ya mradi. Uongo mtupu. Nilikuwa naenda kumtazama mwanamke mwenzangu usoni.

Nyumba niliitambua kutoka barabarani. Hata dirisha la kushoto lilikuwa limepinda kidogo, kama lile la maboksi, ambalo nilidhani ni gundi iliyolegea. Mbele ya mlango mama mmoja mzee alikuwa akifagia. Alifagia, akasimama, akasema kitu kwa sauti ya chini, kisha akafagia tena mahali palepale. Kumbe alikuwa akiongea na mlango.

"Hodi, Mama."

"Karibu, nyathina, mtoto wangu. Wewe ni wa kanisa?"

"Hapana, Mama. Ni mwanafunzi. Nakusanya hadithi za nyumba zilizofungwa. Hii ni ya nani?"

Aliweka ufagio chini, akanivutia kigoda. Akaniambia anaitwa Perez.

"Hii ni ya bibi ya kijana yangu. Seline."

"Yuko wapi?"

"Yuko hapo."

Alinyoosha kidole upande wa kushoto wa nyumba. Palikuwa na kaburi la saruji. Mimi niliyekuja na maneno ya kumtupia mwenye nyumba, nikakosa pa kuyaweka.

"Alikufa na mtoto tumboni, mwaka tatu sasa," Mama Perez akasema. "Na kijana yangu hawezi kuoa. Kwetu mwanaume akifiwa, anangoja. Bibi atakuja kwa ndoto, alale na yeye kama bwana na bibi. Hapo ndio amemwachilia. Kama hajakuja, huwezi leta mwingine. Ukileta, hiyo ni kifo kwa boma."

"Na hajaota?"

"Hajaota. Kila akikuja namuuliza. Anatingisha kichwa tu."

"Miaka mitatu, Mama?"

Alitazama mlango kabla ya kunijibu.

"Ni mimi. Uchungu ilianza asubuhi. Gari ya kumpeleka hospitali ilikuwa hapa, imesimama. Mimi nikaiambia iende. Nilisema mtoto wa kwanza huchelewa, tungoje jioni. Jioni hakukuwa na mtu wa kupeleka. Sasa Seline anakataa kuja. Amenikasirikia mimi, na kijana yangu ndio anazeeka peke yake. Kila Jumamosi nafagia hapa, namwomba msamaha. Hajibu."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na sikuandika hata herufi moja.

"Wewe unaitwa nani?" akauliza.

"Kageha."

Mama Perez akashika mdomo.

"Ndio wewe. Anakutaja. Kila akikuja anakutaja." Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Enda uolewe kwingine, nyathina. Usizeeke na sisi."

Nililia njia nzima, na sitaona haya kulisema. Nilikuja nikiogopa mke aliye hai, nikarudi nimeshindwa na aliyekufa. Utashindanaje na mtu ambaye hata hataki kuja kwenye ndoto?

Jumapili mchana mvua ilikuwa ikinyesha Kisumu, na wenzangu wote walikuwa kanisani. Niliingia ukumbi wa miradi peke yangu. Gauni la Agneta lilining'inia kwenye msumari, likicheza na upepo wa dirishani. Niliipita ramani ya Gordon, nikachuchumaa mbele ya nyumba ya maboksi.

Nilijua haikuwa haki yangu. Nikaukunjua waya.

Ndani hamkuwa na kitanda wala kiti, ila karatasi iliyokunjwa mara nne. Ukurasa wake uliofichwa.

"Alikuja wiki ya tatu baada ya mazishi," Dishon aliandika. "Alilala upande wa ukuta kama kawaida yake, akivuma wimbo bila kufungua mdomo. Kulipokucha nilijua ameniaga. Sikumwambia mtu. Nikimwambia Mama, atanitafutia mke, na hapo Seline atakuwa amekufa kweli. Nikafunga mlango kwa waya."

"Umefungua."

Dishon alikuwa mlangoni, shati limelowa mabegani. Sikuficha karatasi.

"Uliota," nikasema.

"Niliota."

"Wiki ya tatu. Na mimi unaniambia ngoja kidogo. Ulikuwa unangoja nini, Dishon?"

"Mwanzoni sikutaka aende. Baadaye nikakupata wewe, nikataka kusema. Lakini ningesemaje? Mama ameshaniuliza mara ngapi, na kila mara nimekataa. Uongo ukishakaa nyumbani mwaka mzima unakuwa na kiti chake."

"Jana nilikuwa kwenu."

Akauacha mlango, akaja hadi nilipokuwa.

"Umemuona Mama?"

"Nimemkuta anafagia mlangoni. Unajua anafanya nini pale?"

"Anafagia tu. Anapenda usafi."

"Anaomba msamaha. Anasema Seline amekataa kuja kwa sababu yeye ndiye alirudisha gari."

Dishon alikaa sakafuni.

"Gari gani?"

"Muulize. Miaka mitatu mama yako anaongea na mlango, anadhani marehemu amemkasirikia. Na wewe una jibu mfukoni."

"Sikujua. Kageha, kwa jina la Mungu, sikujua."

"Hukuuliza. Mimi unaweza kunipoteza, nitalia nitanyamaza. Mama yako je?"

"Nifanye nini?"

"Nenda kwenu leo. Mwambie yeye kwanza. Mimi na wewe tutaongea ukirudi, kama bado kuna la kuongea."

"Na Desemba?"

"Desemba itafika yenyewe."

Akaondoka na mvua yake. Niliukunja waya vilevile ulivyokuwa, nikarudisha karatasi ndani. Nilimpenda sana saa ile, na nilikuwa na hasira ya kuvunja meza.

Jumatano karani wa chuo akaja kuniita darasani. Nilikuwa na simu ofisini. Nilishika mkono wa simu nikijua ni Dishon.

"Haloo?"

"Kageha? Ni mimi. Mama Perez. Nimepiga na ya duka, hii kitu inakula shilingi, wacha niseme haraka."

"Mama. Habari ya huko?"

"Ameniambia. Nililia, nikamchapa."

"Ulimchapa?"

"Na ufagio. Huyu mkubwa hivi. Halafu nikalala. Nyathina, nimelala siku tatu kama mtu hana kesi." Alivuta pumzi. "Alikuja zamani. Hakukuwa na hasira na mimi."

"Hakuwa na hasira, Mama."

"Tumefungua mlango. Kuna panya na leso zake tu. Hiyo nyumba itaachwa ianguke yenyewe, huwezi lala hapo, ni mwiko. Yako tumepima kule karibu na mti wa mtula."

"Mama, mimi bado sijasema naolewa."

"Najua. Nimekuambia tu mahali pa nyumba."

Simu ikakatika. Karani aliniuliza kama ni msiba, maana machozi yalikuwa hadi kidevuni. Nikamwambia hapana, ni kiwanja.

Dishon aliporudi chuoni tuliongea, nikasema ndiyo. Desemba mzee Waliaula alikuta wazee wa Luanda Kotieno wameshakaa kwa baba yangu, na baba, kwa mara ya kwanza, hakuuliza "kidogo" ni muda gani. Madam Wangu alimpa Dishon alama za chini kuliko wote darasani. "Nyumba si ya kitabu," aliandika kwa wino mwekundu. Chini yake akaongeza: "Lakini nilipofika kwenye ukurasa, nilifunga mlango wa ofisi."

Tulifunga ndoa Agosti 1992. Mwaka uliofuata nilikuwa na mimba ya miezi saba, nikalala mchana mmoja kwa uchovu. Nikaota mwanamke nisiyemjua amekaa kitandani kwangu, upande wa ukuta, akivuma wimbo bila kufungua mdomo. Hakunitisha. Aliniwekea kiganja tumboni, akakiacha hapo.

Nilipoamka sikuvaa hata viatu. Nilikwenda moja kwa moja hadi jikoni kwa Mama Perez, nikamweleza yote. Aliipua sufuria, akakaa.

"Anataka jina," akasema. "Mtoto aitwe yeye."

Jioni Dishon alirudi kutoka shuleni, akatukuta tumekaa pamoja bila taa, macho yametuvimba.

"Kuna nini?"

"Seline amekuja," nikasema. "Mtoto akiwa msichana, ana jina."

Alikaa katikati yetu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Ulimwambia Mama lini?"

"Kabla sijanawa uso," nikamjibu.