Makufuli Matatu ya Ismaël

Ismaël alikuwa fundi cherehani wa Gitega, hapa Kigali, karibu na njia inayokwenda Biryogo. Asubuhi na mapema alitoa cherehani yake barazani, na hapo ndipo siku ilipoanza. Mke wake, Mwamini, alipiga pasi nguo zilizokwisha kushonwa. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, nzito, na Mwamini aliipuliza mpaka macho yakamtoka machozi. Mtoto wao Sauda alikuwa mgongoni kwa mama yake, amelala.

Uani kulikuwa na ua wa miyenzi, ile mimea yenye utomvu mweupe. Ulimfika mtu kifuani. Ng'ambo ya ua alikaa Gaudiose, mama Mkatoliki wa kutoka Bujumbura, aliyekuwa akiuza katika duka la misumari na makufuli. Mwamini na Gaudiose waliongea juu ya ua kila siku. Waliazimana chumvi, walipashana habari, na Ismaël aliwatania kwamba siku moja miyenzi itajifunza kusengenya.

Lakini ulikuwa mwaka wa 1992, na hofu ilikuwa imeingia mjini. Redio ilileta habari za vita vya kaskazini. Watu walirudi nyumbani mapema. Mlango ukigongwa, mtu alinyamaza kwanza, akasikiliza, ndipo akajibu.

Ijumaa moja Ismaël alikwenda msikitini kama kawaida. Mwamini alikwenda Kicukiro kumpelekea mteja gauni lake. Mama yake Ismaël, ambaye mtaa mzima ulimwita Mukecuru, yaani bibi mzee, alikuwa kwa binti yake, huko Masaka. Nyumba ilibaki peke yake, na kufuli mlangoni.

Mwamini alirudi wa kwanza. Kufuli lilikuwa pale pale, limefungwa vizuri. Lakini lilikuwa linaning'inia upande mmoja wa mlango, na mlango wenyewe ulikuwa wazi.

Mwamini alisogea mlangoni. Aliita, hakuna aliyejibu. Aliingia polepole, mkono mmoja umeshika kitako cha mtoto mgongoni. Redio haikuwepo. Kitambaa cha bibi harusi wa Nyamirambo, ambacho Ismaël alikuwa hajakikata hata mkasi mmoja, hakikuwepo. Shuka la kitanda lilikuwa limevutwa na kutupwa chini. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Mtu asiyemjua alikuwa amesimama hapo, akagusa wanapolala.

Ismaël aliporudi alikagua kila chumba. Kisha alisema, "Huyu mwizi anatujua. Alijua hatuko."

"Nani anatujua hivyo?" Mwamini aliuliza.

Ismaël alitazama ng'ambo ya ua.

Tangu siku hiyo Ismaël akawa mtu mwingine. Aling'oa miyenzi, akasimamisha mabati marefu kuzunguka uwanja wote. Alimwita fundi wa kuchomelea, akaziba kila dirisha kwa nondo zilizoingia ukutani. Mlango wa nyuma aliupigilia mbao. Mlango wa mbele aliutia makufuli matatu makubwa, yote kwa nje, na funguo akazitia mfukoni mwake mwenyewe. Hakuyanunua katika duka la Gaudiose. Alikwenda kuyanunua mbali. Na Gaudiose alipomsalimu njiani, alijibu kwa kichwa tu, akapita.

Mwamini aliona haya. Lakini hofu inaambukiza, naye akaambukizwa. Akaacha kuongea na jirani. Na cha ajabu, pamoja na mabati yote yale, hakupata raha. Zamani aliweza kumwona anayepita. Sasa alisikia nyayo tu nyuma ya bati, na kila nyayo ilimshtua moyo.

Mukecuru aliporudi kutoka Masaka, alisimama langoni akiegemea fimbo yake. Magoti yalikuwa yakimsumbua, alitembea kwa shida. Alitazama mabati, akatazama nondo.

"Hii ni nyumba ama gereza?" aliuliza.

"Ni usalama, Mama," Ismaël alisema.

"Usalama ya nani? Mimi sioni hata jua."

Ismaël alicheka kidogo, lakini hakubadili kitu.

Ijumaa nyingine ikafika. Sauda alikuwa na homa tangu alfajiri, na Mwamini alitaka kumpeleka zahanati. Ismaël alikuwa anavaa kanzu yake.

"Na Mama?" Mwamini aliuliza.

"Mama amelala. Nitafunga, hakuna mtu atamgusa."

"Utafunga kwa nje, yeye akiwa ndani?"

"Unataka nimwache mlango wazi, siku ya Ijumaa?"

Mwamini alimfunga mtoto mgongoni. Alisikia makufuli yakilia, moja, la pili, la tatu. Akaondoka na mtoto wake.

Hakufika mbali. Alikuwa akiwaza dawa, akiwaza maji ya kuchemsha, ndipo pasi ikamjia kichwani. Muda mfupi kabla ya kutoka alikuwa ameipuliza, akapiga shati moja, kisha Sauda akalia. Akaiacha. Wapi? Juu ya meza, kando ya fungu la vitambaa vilivyobaki. Je, aliisimamisha, au aliilaza? Hakukumbuka.

Aligeuka. Mwanzoni alitembea haraka, kisha akakimbia, mtoto akiruka ruka mgongoni. Alijiambia kwamba hakuna kitu, kwamba ataona aibu akifika. Kisha aliona moshi ukipanda juu ya mabati.

"Mama!" aliita akisukuma lango. "Mama Mukecuru!"

Ndani alisikia kikohozi. Kisha sauti, ndogo sana: "Mwamini, fungua. Siwezi kupumua."

Alishika makufuli, akayatikisa yote matatu kwa mikono miwili. Alikimbilia dirishani. Mukecuru alikuwa ameweka uso kati ya nondo, macho mekundu, vidole vimeng'ang'ania chuma. Mwamini alivuta nondo mpaka viganja vikachubuka. Hazikutikisika hata kidogo, kwani fundi alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Alikimbia nyuma. Mbao. Alilia kwa sauti, lakini mtaa ulikuwa kimya. Wanaume walikuwa msikitini, na waliokuwa karibu hawakuweza kuona chochote nyuma ya yale mabati.

Ila Gaudiose alikuwa amerudi nyumbani kula. Alisikia kilio, akaja mbio, kijiko kikiwa bado mkononi.

"Ufunguo iko wapi?"

"Iko na Baba Sauda. Msikitini."

Gaudiose alitazama mlango, lakini hakutazama makufuli. Alitazama vipande vya chuma vilivyoshika makufuli hayo, akaona vichwa vya skurubu vikimwangalia.

"Ngoja," alisema, akakimbia kwake. Alirudi na turnevisi, ile bisibisi ya mpini wa mbao. Akapiga magoti, akaanza kufungua skurubu.

"Haraka, dada yangu, haraka," Mwamini alisema, kisha akaita dirishani: "Mama, lala chini. Chini hakuna moshi mwingi. Weka kanga mdomoni. Tunakuja."

Uso wa Mukecuru ukapotea dirishani. Mwamini hakumsikia tena akikohoa. Katika maisha yake yote hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa katika ukimya ule.

Skurubu ya mwisho ilianguka. Makufuli yote matatu yalibaki yamefungwa, yakining'inia upande mmoja, na mlango ukafunguka. Mwamini alimlaza Sauda mbali na moshi, kisha wanawake wawili waliingia wakiwa wameinama, wakamkuta Mukecuru sakafuni karibu na kizingiti cha chumba. Wakamburuta kwa mabega mpaka uwanjani. Gaudiose akarudi na ndoo ya maji, akamwaga juu ya meza, kisha ndoo ya pili. Vitambaa vilikuwa vimeungua, na meza nayo. Moto wenyewe haukuwa mkubwa. Moshi ndio ulikuwa mwingi.

Mukecuru alikohoa, akatapika, akakohoa tena. Kisha akaomba maji. Mwamini alikaa chini akalia waziwazi, bila kujificha.

Ismaël alifika wakati huo. Alimwona mama yake mchangani. Alimwona mke wake. Kisha aliona skurubu zimetawanyika kizingitini, na bisibisi mkononi mwa Gaudiose. Alisimama. Watu wote watatu waliona anachowaza.

"Najua unafikiri nini," Gaudiose alisema polepole. "Unafikiri, huyu anajua kufungua hivi, basi ni yeye alifungua ile siku."

Ismaël aliangalia skurubu tena.

"Mwanangu," Mukecuru alisema kwa sauti iliyokwaruza, "wewe ulinifungia. Huyu alinitoa."

Ismaël akapiga magoti mbele ya mama yake, na kanzu yake nyeupe, kwenye tope la maji yaliyomwagika. Kisha alimgeukia Gaudiose. "Nisamehe, jirani. Niliogopa, nikakuwazia vibaya."

"Hata mimi niliibiwa, wakati niko Bujumbura," Gaudiose alisema. "Nilishuku mtaa mzima. Kaa chini, tuongee. Lakini kwanza mtoto aende kwa daktari."

Mwamini alikwenda, akarudi na dawa. Jioni walikaa barazani, Mukecuru kwenye mkeka, na Gaudiose akawaonyesha mlango.

"Kufuli yako iko nguvu," alisema. "Lakini angalia hii skurubu. Iko nje, kila mtu anaweza kuizungusha. Mwizi hakugusa kufuli. Sasa hata ukiweka makufuli kumi, ni kazi bure. Weka bolti inayopita ubao wote, nati ikae ndani. Na kufuli moja nzuri inatosha."

"Na nondo?" Ismaël aliuliza. Alikuwa hawezi kuzitazama.

"Nondo ni nzuri. Lakini dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na nondo za bawaba, zifunguke kwa ndani. Ufunguo wake utundikwe ndani, mahali mkono wa mtu wa nje haufiki, lakini Mukecuru anaufikia. Kila mtu wa nyumba ajue uko wapi. Na ule mlango wa nyuma, toa mbao, weka komeo ya ndani. Usimfungie mtu kwa nje, hata mara moja."

"Lakini mabati yanazuia mwizi," Ismaël alisema.

"Yanazuia macho yangu," Gaudiose alimjibu. "Mwizi akisharuka, amepata pahali pa kujificha. Anaweza kufanya kazi yake bila wasiwasi. Leo mke wako amelia hapa, na nani alimwona? Mimi nilisikia tu, kwa bahati."

Sasa Mwamini aliuliza lile lililokuwa likimnyima usingizi. "Na alijuaje kwamba hatuko?"

"Mama Sauda, mtaa wote unajua saa ya swala ya Ijumaa. Na mtaa wote unajua saa ya misa yetu Jumapili. Mwizi pia anajua. Na kufuli ya nje inamwambia kwamba hakuna mtu."

Mwamini akasema taratibu, kama mtu anayeshona na kuona mshono unakaa: "Basi Ijumaa ninyi mtuangalie. Na Jumapili sisi tuwaangalie."

Hivyo ndivyo walivyofanya. Waliwaambia na majirani wa pande zote mbili, Waislamu na Wakristo, nao wakakubali. Ismaël aliondoa mabati ya upande wa majirani, akapanda miyenzi upya, na kuahidi kuikata isipite kifua. Alitia bolti mlangoni, akabakiza kufuli moja, na mlango wa nyuma akautoa mbao na kuutia komeo la ndani. Fundi alirudi, akakata nondo za dirisha moja la kila chumba cha kulala, akianza na la Mukecuru, na kuzitia bawaba na kufuli kwa ndani. Vitambaa vya wateja vikawekwa sandukuni, visionekane kutoka njiani. Pasi nayo ikapewa jiwe la kuiegesha uwanjani, na Mwamini hakuondoka tena kabla ya kumwaga makaa na kuyazima kwa maji.

Hofu haikuisha mara moja, wala haikuisha yote. Jumapili moja Mwamini alikuwa akichambua maharage uwanjani, na kengele ya misa ilikuwa imekwisha kulia. Kijana mmoja mwenye begi tupu alisimama kwenye lango la Gaudiose. Alitazama kufuli. Alitazama kushoto na kulia, akainama.

Mwamini aliweka chini ungo wa maharage. Alitamani kuingia ndani na kufunga mlango. Badala yake alisimama, ili kichwa na mabega yake yaonekane juu ya miyenzi michanga.

"Karibu, kaka," alisema kwa sauti. "Unatafuta nani?"

Kijana alishtuka. Mlango wa jirani wa pili ukafunguka, na mzee mmoja wa msikitini akatoka, akasimama tu, mikono nyuma.

"Nimepotea njia," kijana alisema.

"Njia iko pale," Mwamini alimwonyesha.

Kijana aliondoka bila kugeuka nyuma. Mwamini akakaa chini, akaendelea kuchambua maharage. Gaudiose alipotoka misani, alikuta mlango wake kama alivyouacha, na vyombo vyake vyote mahali pake. Walisimuliana juu ya ua mpaka chakula cha Mwamini kikaungua kidogo.

Jioni hiyo, kabla ya kulala, Mukecuru alifanya kama alivyofanya kila siku tangu moshi ule. Aliegemea fimbo yake, akapapasa ukuta mpaka akaupata ufunguo kwenye msumari wake. Akafungua nondo za dirisha, akazisukuma mpaka mwisho, akatoa mkono wake nje kwenye hewa. Mwamini alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama. Mukecuru alirudisha nondo, akafunga, akatundika ufunguo.

"Sasa ni nyumba," alisema, akajifunika kanga yake.